Mto Uliouchora Nyuma ya Nyumba Yetu

Baba,

Nimejaribu kuanza kwa "mpendwa" nikashindwa. Nilikupenda, na bado nakupenda, lakini leo nakuandikia nikiwa na dharau, na sitaki uikute katikati ya barua kana kwamba niliificha.

Unaukumbuka mtaro uliopita nyuma ya nyumba zetu za kanjo, zile za baraza la jiji. Maji ya kufulia, maganda ya viazi, na ile sapatu ya mtoto iliyokwama pale miaka nenda miaka rudi. Ng'ambo yake alikaa Baba Nyambura, fundi cherehani, mwenzako wa mchezo wa dama. Kila Jumamosi mchana ulivuka vile vibao viwili ukiwa umebeba kiti chako mwenyewe, na vicheko vyenu tulivisikia hadi jikoni. Yeye Mkikuyu, wewe Mluhya, na jambo hilo sikulisikia likitajwa ila ulipomtania kwa jinsi alivyotamka jina langu. Sare yangu ya sekondari alinishonea yeye, akaacha pindo kubwa.

"Nafula anarefuka kila nikifumba macho," alikwambia. "Pindo hili nitakuwa nalishusha kila mwaka."

Wewe ulikuwa mchora ramani katika ofisi ya serikali mjini, nami nilijivunia wewe shuleni. Wenzangu baba zao walipanga foleni Industrial Area kila alfajiri kusubiri vibarua. Baba yangu alichora nchi.

Kisha Bunge likataka viti zaidi. Mtaa wetu ulikuwa umewapigia kura wapinzani, ng'ambo zote mbili kwa pamoja, na hilo liliwakera wakubwa. Wakaamua tukatwe. Upande wetu uunganishwe na vitongoji vya mbali ambako chama tawala kilikuwa na watu wake, kura zetu zimezwe huko. Upande wa Baba Nyambura usukumwe ndani ya eneo bunge ambalo tayari lilikuwa limefurika watu. Kazi ya kuchora ukapewa wewe, na mkubwa wako alitaka mpaka uonekane umefuata kitu cha asili, asije mtu akauliza maswali.

Uliitandaza rasimu mezani. Mama alikuwa akikata sukuma wiki. Akauliza, "Hii laini ya buluu nyuma ya nyumba yetu ni nini?"

"Mto."

"Mto gani, Baba Nafula?"

"Mto tu."

Mama alicheka hadi akaweka kisu chini. Halafu akakutazama usoni, na kicheko kikamwishia mdomoni.

Siku wananchi walipoitwa ukumbini kutoa maoni, nilikaa nyuma na Mama. Baba Nyambura alisimama akiwa na utepe wake wa kupimia shingoni, kwa kuwa alitoka moja kwa moja kazini. Akasema kwa adabu, "Mimi nimeishi hapa tangu nioe. Naomba nionyeshwe huo mto."

Ofisa akatabasamu, akakuelekezea mkono. "Mtaalamu wetu yuko hapa. Naye ni mkazi wa hapahapa."

Ulisimama, Baba. Ulifunga kifungo cha koti. Ukasema, "Ni mkondo wa asili wa maji."

Ukumbi mzima ulipiga kelele isipokuwa yeye. Alikutazama kama mtu anayejaribu kukumbuka alikuona wapi, kisha akaketi.

Waheshimiwa nao, nisiwasahau. Tuliwasikiliza redioni wakiitana wasaliti na wakabila, huyu akitoka nje ya Bunge kwa hasira, yule akigonga meza. Mbunge wetu wa upinzani aliichana ramani yako jukwaani tukampigia makofi. Mipaka ilipopitishwa, alikuwa wa kwanza kuchukua fomu ya kugombea kiti kipya. Watu wazima, wenye suti na walinzi, wakigawana mtaa wa watu kama mkate, kisha wanaomba Mungu aibariki nchi. Hao niliwadharau bila maumivu yoyote. Sikuwahi kuketi mezani nao.

Kampeni zikaja, na kila upande ukaletewa mtu wa kuuambia kwamba jirani ndiye adui. Asubuhi moja Mama alienda kwenye kibanda chake cha mboga ng'ambo. Vijana watatu walikuwa wamesimama kwenye vibao. Mmoja alikuwa amewahi kula kwetu.

"Mathe, hapa si kwenu," akamwambia. "Rudi ng'ambo ya mto."

Mto, Baba. Walisema mto.

Wiki hiyohiyo vijana wa upande wetu walikitupa cherehani cha Baba Nyambura mtaroni, naye na familia yake wakahama. Ulisimama dirishani ukawatazama wakipakia vitanda. Nilikusihi uende hata umsaidie kubeba godoro. Ukanijibu bila kugeuka, "Mimi nilichora tu. Sikuamua."

Baadaye nilimtafuta, nikampata katika chumba kimoja huko Kware, akitia viraka suruali za watu kwa mkono. Niliomba msamaha kwa niaba yako. Akamaliza pindo, akakata uzi kwa meno. "Msamaha hauchukuliwi na mtoto. Mwambie aje mwenyewe. Dama bado ninayo."

Nilikuletea habari hizo mbiombio. Nikakueleza njia: ukishuka stejini, pinda penye posho mill, pale wanaposaga unga, mlango wa kijani. Ulivaa koti, ukatoka. Jioni ukarudi ukasema hukuiona nyumba. Wewe! Mtu aliyeichora Nairobi yote, kila kichochoro, ukanitazama machoni ukasema umepotea. Nadhani dharau yangu ilizaliwa siku hiyo, si ile ya ukumbini. Ukumbini ulimwogopa mkubwa wako. Kware ulimwogopa nani?

Hukujaribu tena, na moyo wako ukasimama kabla yeye hajachoka kungoja.

Kwenye mazishi, kule nyumbani kijijini, mheshimiwa mmoja alituma mwakilishi aliyekosea jina lako mara mbili. Alikuita mzalendo. Nilitazama kando ili nisimcheke mbele ya jeneza, ndipo nikamwona Baba Nyambura nyuma kabisa, viatu vyake vimejaa vumbi la safari. Wazee wa ukoo hawakumjua. Mmoja akamuuliza yeye ni nani kwa marehemu.

"Jirani," akasema.

Akasogezewa kiti. Hakukaa. Zamu ya kutupa udongo ilipofika alikuja mbele, akatupa konzi tatu polepole, akajipangusa mikono, akaenda kumshika Mama mkono.

Nakuacha hapo kaburini, alipokuacha jirani yako, Baba.

Ni mimi,
Kifungua mimba wako