Papa, Ripoti Sikuibadilisha

Papa,

Mwezi uliopita bosi wangu aliniita ofisini kwake, akafunga mlango, akaniomba kwenye ripoti yangu nipandishe jina la kijana mmoja na kushusha la mwingine. Nikamwambia sibadilishi. Neno lilitoka zima. Kisha nikakaa kwenye gari nje ya ofisi pale Amherst, injini imezimwa, nikiwa na hasira na wewe kwa sababu hupo nikupigie simu.

Miezi kumi na moja sasa tangu tukuzike. Mama bado yuko Louisville, nyumba ileile ya mtaa wa Iroquois, na hataki mtu akalie kiti chako. Anakikalia mwenyewe, halafu analalamika kwamba kinamuumiza mgongo. Mimi nimehamia Kenmore. Kazi ni ileile uliyokuwa ukiwatangazia watu wa kanisa kwamba binti yako analipwa kwa kuangalia televisheni.

Ilikuwa hivi. Timu moja ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani iliiletea kampuni yetu ya uchambuzi video za mabeki wake wanne, wote vijana wabichi. Ilitaka jicho la nje liwapange, wa kwanza mpaka wa nne, maana nafasi iliyobaki ni moja. Nikapewa mimi. Nikafanya kama ulivyonifundisha: nikakata boksi la kornifleksi, nikaziba nusu ya juu ya kioo cha kompyuta. Wenzangu walicheka. Acha wacheke. Hawakukuona Jumamosi, umetoka zamu ya depo ya mizigo, unatundika kitenge cha Mama juu ya televisheni ili usione sura za watu, wala namba zao, wala mpira ulikokwenda.

"Bon, mpira haituhusu," ulikuwa unasema, ukianza na kijineno chako cha Kifaransa. "Tuangalie miguu."

Sheria hukuzijua. Mpaka mwisho uliuliza kwa nini wanasimama kila baada ya sekunde tano. Lakini ulikuwa beki wa soka Bukavu, ukafundisha vijana kambini tulipokuwa wakimbizi, na uliona mapema kwamba beki wa huku naye anakimbia kinyumenyume akimtazama mtu wake, na mtu huyo akigeuka, mguu wa kwanza ndio unaoamua. Kuna wanaogeuka mara moja. Kuna wanaoweka kwanza kihatua kidogo nyuma, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe. Hapo ulikuwa unasimamisha video na kuuliza, "Sasa hii hatua ya pili, iko ya nini?"

Yule waliyemtaka juu anayo hatua ya pili. Ana mbio za ajabu, kwa hiyo anachelewa, halafu anafidia, anaruka, anaupangua mpira kwa ncha za vidole, na uwanja mzima unasimama. Bila boksi hata mimi ningempigia makofi. Kwa boksi niliona kwamba anaokoa alichokiharibu mwenyewe, tena na tena. Siku atakapokutana na mtu mwenye mbio kama zake, hatakuwa na cha kufidia.

Niliyemweka wa kwanza hana hata video moja ya kuwaringia marafiki zake. Bosi alisema kijana huyo hafanyi kitu, mechi nzima hagusi mpira. Nikamjibu kwamba hagusi kwa sababu haurushwi kwake. Mrushaji wa wapinzani anatazama upande ule, anaona mtu wake amebanwa, anageukia kwingine. Niliirudia mechi nzima nikimwonyesha bosi, na si mtu mbaya, Papa, aliona. Halafu akasema timu ilimsajili yule mwingine kwa kelele nyingi na haitapenda kusoma maneno haya, na mkataba wetu nao unakaribia kwisha.

Usidhani nilikataa kwa ushujaa. Nilikataa kwa sababu niliwahi kunyamaza mara moja, na mpaka leo sijajisamehe.

Siku ya matanga yako ukumbi wa kanisa ulijaa. Baba mdogo Faustin akashika maikrofoni. Akasema ndugu yake alikuwa mtu mwema, ila ulimi wake ulimvunja kaka yangu Espoir, kwamba alikuwa na njia kule Columbus na baba yake mzazi akaifunga. Watu wakaguna kukubali. Mama akainama. Espoir alikuwa amesimama karibu na mlango. Na mimi niliyejua yote nikakaa kimya kama mgeni.

Wakati nilikuwepo mezani siku ulipomwambia! Espoir alikuwa anakula ugali na sombe, kisamvu cha kwetu, furaha haimtoshi, chuo kimoja cha Columbus kimemwita kwenye majaribio ya futiboli hiihii. Ulikuwa umetazama video zake wiki nzima. Ukamwambia, "Mtoto yangu, miguu yako inachelewa. Donc, utafika, lakini hautapita." Tonge lilikuwa bado mkononi mwake. Hapo nakulaumu, na nitakulaumu daima: ungemwacha amalize kula.

Lakini waliogunia maneno ya Faustin ni walewale waliompigia Espoir makofi kanisani, kisha wakaulizana kwenye maegesho kama kweli ataweza. Wewe ulimwambia usoni. Halafu, na hili hakuna aliyelitaja kwenye maikrofoni, ukaomba ruhusa kazini, ukampeleka mwenyewe kwa gari lako mpaka Columbus, zaidi ya saa tatu, kwenye majaribio uliyojua hatapita. Hakupita. Akabaki hukohuko, akapata kazi ya depo kama yako, na simu zake kwako zikawa za Krismasi tu.

Siku ile ya bosi, nilipofika nyumbani, nilimpigia Espoir. Video za kazi siruhusiwi kumtumia mtu, kwa hiyo nilimtumia yake mwenyewe, ya zamani, ya shule ya Louisville, nusu ya juu nimeiziba. Sikumwambia ni nani. Nilimdanganya kidogo, najua. Akaitazama, akanijibu kwa Kiingereza chake cha siku zote kwamba huyu jamaa anachelewa kugeuka, na mbio zake haziwezi kumsaidia miaka yote. Akairudisha nyuma, akaitazama tena. Kisha akauliza kwa Kiswahili, ambacho sikumbuki ni lini alikizungumza nami mara ya mwisho:

"Ni miye?"

Nikamwambia ndiyo.

Nilidhani atakata simu. Badala yake akaanza kunieleza jambo nisilolijua. Kwamba siku ile ya Columbus, alipotoka uwanjani, alikukuta umesimama kando ya gari, na alikuwa amejiandaa kupigana nawe ukisema tu kwamba ulimwambia. Hukusema. Ulimuuliza kama amekula. Anasema hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwa sababu hakujua la kulifanya, na amelibeba peke yake tangu siku hiyo. Papa, tulilia wote wawili, na mimi silii ovyo, unanijua.

Ripoti ilikwenda kama nilivyoiandika, jina langu chini. Bosi aliambatisha yake ya kunipinga. Timu ikambakiza yule wa makofi na kumwacha wangu aende. Kama mwezi ujao nitakuwa na kazi, sijui. Wamechagua, ni haki yao. Lakini kuchagua kwao hakukubadilisha miguu ya mtu yeyote, na wakiniletea wengine wanne kesho nitaandika vilevile.

Baada ya wiki mbili unatimiza mwaka tangu ututoke. Ukoo mzima unakutana Louisville, na Faustin ndiye anayepanga nani azungumze. Mimi hakuniweka. Nilimpigia nikamwambia kwa heshima zote kwamba nitasimama hata bila kuitwa, na akitaka kuzima maikrofoni, sauti ninayo. Akaniuliza nimejifunza wapi kuongea hivyo na wakubwa. Nadhani anajua.

Pumzika, Papa. Nakuahidi kwamba siku hiyo yatasemwa yote, hata yasiyokupendeza. Nilikuwa nimejipanga niwe wa kwanza, lakini jana Espoir amenipigia tena. Atafika Ijumaa ya wiki hiyo kutoka Columbus. Ameniomba nikae, nimwachie, kwa sababu aliyeambiwa ni yeye, na anataka watu wasikie kutoka kwake kwamba hukumvunja.

Binti yako,
Neema