Maziwa ya Koinet

Mama, soma taratibu, mwalimu wako wa kisomo alishakusifu.

Maharage yako jikoni. Yakiungua leo, usinisingizie.

Kibuyu cha kaka Koinet usikiondoe. Asubuhi alipokataa maziwa, ukamwuliza, "Huko Uganda walikupa nini kitamu hivyo?", nilicheka. Nikamfuata nje, akaniambia, "Tangu umorani nimekunywa na Tajewo. Sasa ninywe na nani?"

Tajewo aliuawa vitani, Mama, na morani hanywi maziwa peke yake. Tulidhani jeshi limemwachisha desturi, kumbe ndiyo aliyorudi nayo. Ningekunywa naye mimi, lakini dada mtu si rika lake, hata awe amemaliza kidato cha nne.

Nimepanda lori kwenda Nainokanoka kumleta Kaika, wa rika lao. ~~Mwambie Baba achinje mbuzi.~~ Hapana, asichinje. Koinet hataki sherehe, na habari za vita msimwulize.

Tukifika, mpe Kaika kibuyu, kisha tuwaache wawili hao. Ukisikia kimya, usichungulie. Ukisikia mtu analia, usichungulie vilevile.

Binti yako mwenye mdomo,
Nareyu