Ruta Ndani ya Kantini Yako

Mama yangu wa Kasenga,

Tangu tukuzike sijakuandikia hata mstari mmoja, lakini leo nina habari na siwezi kuikalia. Furaha, kitinda mimba wako, ametetea memwari yake ya kumaliza chuo kikuu kule Lubumbashi, na Papa amemwona kwa macho yake, hapahapa sebuleni. Na kidogo tu tumkose!

Kwenye matanga yako Papa alimwahidi kwamba siku hiyo angehudhuria kwa niaba yenu wawili. Sasa goti lake limekataa safari. Basi tukaweka intaneti nyumbani: antena juu ya bati, na waya unaoshuka hadi kwenye ruta, kile kisanduku cheupe kinachozigawia simu zote. Leo asubuhi, Furaha anakaribia kusimama mbele ya maprofesa, kwenye simu ya sebuleni kiduara kinazunguka tu, picha haiji. Papa ameshavaa koti lake la harusi, jasho linamtoka.

Nikaufuata waya. Mama, waya uliingia chumbani kwenu ukapenya chini ya kifuniko cha kantini yako, lile sanduku lako la chuma! Nikafungua. Ruta imelala juu ya vitenge vyako, imefunikwa kitambaa ulichodarizi mwenyewe.

"Papa, nani ameweka hii humu?"

"Ni minye. Mama yenu alikuwa anawekaka kitu ya maana mu kantini. Weye unataka wezi waione?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Simu na ruta huongea hewani, na chuma cha kantini kilikuwa kinaziba maongezi yote. Nikaileta sebuleni, juu ya kimeza kilichobeba fonii yako, ile redio ya kuita na kuitikia, na palepale simu ikashika.

Hapo ndipo nikaelewa jinsi inavyofanya kazi, na ni kwa sababu yako! Unakumbuka ulivyoitumia fonii kupokelea habari za mtaa mzima? Watu wa Bukavu na Kalemie walijua kuita jina moja tu la mtaa wetu, Kasenga. Wewe ndiye uliyejua kwamba habari ya ng'ombe ni ya Baba Elia na ya mahari ni ya Mama Riziki. Ukimaliza kusema ulitamka "Avu", mwenzako ajue zamu ni yake. Basi ruta ni wewe mtupu! Huko nje nyumba nzima ina namba moja. Humu ndani kila simu imepewa yake, na ruta inakumbuka nani aliuliza nini, jibu likija inampa mwenyewe.

Hata picha ya Furaha ilipoanza kukatika, nilijua la kufanya. Wajukuu wako walikuwa wanaangalia filamu, kila mmoja na simu yake, wote wanavuta kwenye laini ileile. Nikapaza sauti kama wewe ulipowatuliza watu waliogombania fonii: "Moya moya! Hii laini haiko ya baba yenu!" Wakazima. Furaha akatulia kwenye kioo, Kifaransa kinamtiririka, mpaka maprofesa wakatabasamu.

Walipomtangaza amefaulu, akasogea kwenye simu akauliza kama tunamsikia. Papa akainama, midomo karibu iguse kioo.

"Kasenga inakusikia muzuri, mwana wangu. Avu."

Furaha alijaribu kujibu akashindwa, akalia. Papa akabaki ameinama kwenye simu. Alingoja.

Ruta inabaki kwenye kimeza chako, mama. Tumekukosa sana leo. Avu.

Binti yako wa kwanza