Marwa kwa Herufi L

Jumatatu, 3 Juni
Chai imepoa tena. Nimeandika umbo la anwani ya kutafutia watu kwenye programu yetu mara ya tatu: watu?jina=Marwa&kwao=Nyansurura. Kabla ya alama ya kuuliza ni unachotaka, baada yake vichujio. Wachimbaji wa dhahabu na ndugu zao wanajiandikisha humo kwa simu, wapate kutafutana. Najaribia jina la kaka yangu, kama kila siku tangu mwaka jana. Jibu: hakuna. Nimemkumbuka mpaka nakasirika.

Jumatano, 5 Juni
Bosi anataka vichujio vipungue, anwani iwe fupi. Nimebishana naye. Ufupi wa nini kama mtu hapatikani?

Mama kapiga simu kutoka nyumbani Nyansurura. Siku hizi hamuulizii Marwa, na hilo ndilo linaniuma. Aliondoka baada ya kugombana na baba, akabadili namba. Baba tumemzika Februari. Marwa hajui.

Ijumaa, 7 Juni
Kuna mama kaja ofisini hapa Nkende, mwanawe haonekani kwenye programu. Nikamwambia aandike jina la mwanawe. Akaandika Chacha Malwa. Nilianza kumsahihisha iwe Marwa, nikaacha.

Sisi Wakurya r na l tunazichanganya bila kujua. Chuoni walinicheka mpaka nikajifunza kuzitenganisha. Halafu nikaandika kanuni ya kutafuta inayotaka herufi ileile. Mjinga mimi.

Jumamosi, 8 Juni
Nimebadilisha kichujio, r na l zihesabiwe moja. Jibu likaja: Malwa, kwao Nyansulula, yuko machimboni Nyamwaga. Picha ni yake. Amekonda.

Nikafungua kumbukumbu za seva, zinazotunza kila swali lililoulizwa. Tangu Oktoba alikuwa anauliza watu?jina=Lobi&kwao=Nyansulula. Lobi ndiye mimi, Robi. Ameuliza mara thelathini na moja. Mara zote kanuni yangu ilimjibu hakuna. Mara ya mwisho ni Machi.

Nimelia mpaka kichwa kinauma.

Jumanne, 11 Juni
Namba aliyojiandikishia haipatikani. Nimekwenda Nyamwaga mwenyewe. Wenzake wanasema alihama baada ya Pasaka, hakuaga. Labda machimbo ya Geita, labda ya Chunya. Hawajui.

Alhamisi, 13 Juni
Nyansurura. Nimemwamkia mama, nikamweleza yote, na kosa langu sikulificha. Aliuliza kitu kimoja tu: alikuwa anatutafuta? Nikasema ndiyo, mara thelathini na moja.

Kisha akasema, "Basi hajatutupa." Akachukua ndoo, akaenda kukamua ng'ombe.