Kompyuta ya Nukta Nundu

6 Januari

Mpendwa Chapuchapu,

Natumaini u mzima wa afya na kwamba baridi ya huko haijakutia kikohozi. Mimi sijambo. Goti la kulia linanung'unika ninapopanda ngazi, lakini ninalipandisha hivyo hivyo.

Nakuandikia kwa sababu ya kompyuta. Najua ungependa nikupigie simu. Maelekezo ya simu huingia sikio hili na kutokea lile, nami nataka kuyasoma kwa miwani na kuyarudia. Kwa hiyo utaniandikia barua pepe, nami nitaisoma kwenye simu.

Unajua kazi ninayoifanya tangu nistaafu ualimu: natoa vitabu vya nukta nundu kwa ajili ya shule ya wasioona. Kompyuta hugeuza maandishi kuwa nukta, na ile mashine kubwa iliyo kando yake huzipiga kwenye karatasi nene ili vidole vizisome. Mwaka huu mtaala wa hisabati umebadilika. Kitabu kipya bado hakijachapishwa. Mchapishaji amenitumia faili lenye kufuli, ambalo hufunguka kwenye kompyuta yangu tu, kwa kuwa ndiyo iliyosajiliwa kwa kazi hii. Nalo limekataa kufunguka. Linasema mfumo endeshi wa kompyuta ni wa zamani, niusasishe kwanza.

Nimeusasisha, au tuseme nimejaribu. Kijiduara kinazunguka, kinazunguka, halafu yanatokea maneno haya: "Lo! Kuna kitu hakikwenda sawa." Kitu gani? Mwanafunzi angenijia na taarifa ya namna hiyo, ningemrudisha mlangoni aingie upya.

Fundi Koti, yule wa pale kona anayevaa koti hata jua likiwaka, alikuja kuitazama. "Bibi," akasema, "hii ni ya kupeleka makumbusho. Nunua mpya."

Nikamwambia, "Hata mimi ni wa kupelekwa makumbusho, lakini asubuhi hii nimetoa kurasa za sayansi."

Akacheka, akanywa maji yangu, akaenda zake. Haelewi kwamba mashine ya nukta huunganishwa kwa waya mpana wa kizamani, na kompyuta mpya hazina pa kuuchomeka.

Sasa zingatia. Orodha ya watahiniwa inapelekwa mwisho wa Februari. Mwalimu mkuu amesema wazi kwamba ikiwa hadi hapo hakuna kitabu, atayaondoa majina ya wanafunzi wake wote kwenye mtihani wa hisabati. Hafanyi hivyo kwa ubaya. Hataki watahiniwe kwa kitabu ambacho hawajakigusa. Yuko msichana mmoja pale, wenzake humwita Pembetatu, ambaye huja hapa kunisomea rasimu kwa kidole na kunitajia makosa. Anataka kusomea uhandisi. Bila hisabati hakuna uhandisi. Sitakubali.

Niambie la kufanya.

Shangazi yako


9 Januari

Shikamoo Shangazi,

Habari za hapo nyumbani? Goti je, unalipaka ile dawa au imekaa tu kabatini? Mimi mzima kabisa, ila kazi zimenibana. Hapa hospitalini kompyuta ikigoma naitwa mimi, na siku hizi zinagoma kwa zamu kana kwamba zimekubaliana.

Nimecheka sana ya makumbusho. Ila Fundi Koti hajakosea sana, jamani. Usimwambie nimesema hivyo.

Tuanze na sababu ya kawaida. Masasisho yanahitaji nafasi ya kukaa, na diski yako nadhani imejaa pomoni. Futa mafaili ya zamani usiyoyahitaji, safisha na lile pipa la taka la kompyuta, kisha iwashe upya na ujaribu tena. Usiguse folda ya mfumo wala ile ya programu ya nukta nundu. Na tafadhali, futa tu, usianze kusoma. Nakujua.

Mwanao,
Chapuchapu


21 Januari

Mpendwa Chapuchapu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia u mzima. Dawa ya goti naipaka, na inanuka vibaya kama ilivyonuka siku uliponitumia.

Umeandika, "Nimecheka sana ya makumbusho." Ya makumbusho nini? Andika, "Nimecheka sana habari ya makumbusho." Kuishi mbali si sababu ya kuacha maneno njiani.

Nimefuta. Imechukua muda kwa sababu nilisoma kila faili kabla ya kulifuta, na nilipoona kosa nililisahihisha kwanza. Pembetatu alikuwa amekaa hapa akinisikia nikigonga vitufe. Akauliza, "Bibi, unasahihisha kitu ambacho unakitupa?"

"Ndiyo," nikamjibu. "Kwani ukienda kutupa taka unatoka bila viatu?"

"Mimi huwa natoka bila viatu," akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Sasa diski ina nafasi ya kutosha, zaidi ya nusu. Nimewasha upya. Nimejaribu asubuhi na nimejaribu jioni. Nimebadilisha waya wa mtandao. Nimempa Fundi Koti nafasi ya pili; ameipuliza vumbi na kusema "itakaa sawa", jambo ambalo hakulifafanua. Kijiduara kinazunguka, kisha yanakuja maneno yale yale ya "Lo!", safari hii yakiwa na tarakimu nyingi chini yake. Angalau tarakimu ni dalili ya mtu kufikiri.

Mwalimu mkuu ameulizia kitabu. Nimemwambia kinakuja. Usinifanye mwongo.

Shangazi yako


22 Januari

Shikamoo Shangazi,

Pole kwa usumbufu, na hongera kwa usafi. Mimi sijambo, na nimecheka sana HABARI ya viatu.

Naomba vitu viwili. Cha kwanza, piga picha ya kioo chote cha kompyuta, kona zote nne, usinikatie. Cha pili, niandikie kila unachofanya tangu unapokaa hapo asubuhi, hata kile unachoona ni cha kipuuzi. Kompyuta huwa hazifi kwa mambo makubwa, Shangazi.

Mwanao,
Chapuchapu


24 Januari

Mpendwa Chapuchapu,

Marahaba, mwanangu. Sijambo. Picha nimeiambatisha, pembe zote zimo.

Asubuhi yangu ni hii. Nafungua dirisha. Naondoa kitambaa juu ya kompyuta na kukikung'utia nje, si ndani. Nawasha umeme ukutani, kisha kompyuta. Narudisha tarehe. Nafungua programu ya nukta nundu. Nanoa penseli. Nachukua rasimu ya jana na kuanza mahali nilipowekea alama. Adhuhuri nasimama nanyoosha goti. Jioni nazima kila kitu na kukifunika.

Huo ndio utaratibu, na haujabadilika kwa miaka. Sioni penye kosa.

Shangazi yako


24 Januari, jioni

Shangazi, shikamoo tena,

UNARUDISHA TAREHE? Na mimi roho yangu nani atairudisha!

Nimeikuza picha. Pale chini kwenye kona, kompyuta yako inaamini tuko miaka sita iliyopita. Hebu nieleze haraka.

Chapuchapu


25 Januari

Chapuchapu,

Umeandika barua bila kuulizia hali ya mtu. Sijambo, asante.

Hapana siri yoyote. Programu ya nukta nundu ilikuwa na kibali cha muda. Kampuni iliyoitengeneza ilipofunga milango, ilituandikia wateja wote kwamba haitaweza tena kuongeza vibali, na kwamba inaturuhusu kuweka tarehe ya nyuma kila tunapowasha ili programu iendelee kufanya kazi. Sikupenda kuandika tarehe isiyo ya kweli, lakini mwenye mali ameruhusu. Naiweka siku ile ile kila asubuhi, kama nilivyokuwa nikiandika tarehe ubaoni kabla ya somo. Sikukueleza kwa sababu hukuniuliza. Mtu akikuuliza asubuhi yako ilikuwaje, humwambii kwamba ulifumbua macho.

Shangazi yako


26 Januari

Shikamoo Shangazi,

Nisamehe kwa juzi, nilipagawa. Natumaini umeamka salama.

Kosa ni hilo, tumelipata. Kompyuta ikitaka masasisho huenda kwenye kompyuta nyingine kubwa huko mtandaoni, na zenyewe huonyeshana vitambulisho kwanza. Kila kitambulisho kina tarehe kilipoanza na tarehe kitakapokwisha. Yako ikitazama vitambulisho vya leo, inaona vimetolewa miaka sita mbele, kwa hiyo inavikataa. Haijaharibika. Inamkatalia mgeni mlangoni kwa sababu ndivyo ulivyoifundisha.

Ukiweka tarehe ya leo, nina hakika masasisho yataingia na faili la hisabati litafunguka.

Ila sasa, Shangazi, hapo ndipo penye mtihani. Programu yako ya nukta ikishaiona tarehe ya kweli hata mara moja, inajifunga moja kwa moja. Ukiirudisha nyuma haidanganyiki tena. Na hiyo kampuni haipo, hakuna wa kumpigia magoti. Ukisasisha, unapata kitabu unakosa programu. Usiposasisha, programu unayo, kitabu huna.

Nimeomba likizo, nimepewa Aprili. Nitakuja na diski ya kunakilia kila kitu kwanza, tufanye taratibu. Najua orodha inapelekwa Februari. Lakini ukiiua hiyo programu, vitabu vya masomo yote vitakwama, si hisabati tu. Nakuomba sana, usiguse kitu.

Mwanao,
Chapuchapu


12 Februari

Shikamoo Shangazi,

Habari za siku nyingi? Mbona kimya? Nimekuandikia mara mbili hujajibu. Simu yako inaita tu. Kama umenikasirikia, nikaripie nisikie. Goti vipi?

Niambie hujagusa kitu.

Mwanao,
Chapuchapu


17 Februari

Mpendwa Chapuchapu,

Marahaba. Sijakasirika na siumwi. Nilikuwa kazini, na simu ilikuwa chumba kingine kwa sababu inanipotezea hesabu.

Nimegusa.

Nilikaa na barua yako siku chache. Ulinipangia hasara mbili vizuri, moja huku na nyingine kule, lakini hasara hizo si zangu wala zako. Kwa hiyo nilimwita Pembetatu nikamsomea barua yako yote. Nikamwambia, "Tukingoja mpaka Aprili, programu itapona na nyinyi mtakuwa mmeshaondolewa. Tusipongoja, huenda vitabu vingine vikachelewa."

Akauliza, "Bibi, kabla hujapata hiyo programu, vitabu vilitoka wapi?"

"Vilipigwa kwa mkono, nukta kwa nukta."

"Na hiyo mikono iko wapi?"

"Ninayo."

"Basi mbona tunabishana?"

Msichana yule hana adabu hata kidogo. Nikaweka tarehe ya kweli.

Masasisho yalianza kuingia, yakafika karibu na mwisho, umeme ukazimika. Ni jirani na mashine yake ya kuchomelea mageti. Kompyuta ikarudisha kila kitu nyuma. Nikaanza upya. Akawasha tena, ikarudi tena. Nikamwendea nikamwambia azime mpaka nitakapomruhusu.

"Mama, nina geti la mteja hapa," akasema.

"Nami nina geti la watoto arobaini," nikamwambia, nikavuta kigoda chake nikakaa pale pale mbele ya mashine. Akazima. Nilikaa naye akinieleza maisha ya mkewe, ambayo sikuyauliza, mpaka Pembetatu aliposikia mlio wa kompyuta kuwaka na kuniita kutoka dirishani. Ilikuwa imekubali.

Faili la hisabati likafunguka. Kisha nikafungua programu ya nukta nundu, nayo ikaandika: "Muda wa matumizi umekwisha. Programu hii imefungwa." Kwa mara ya kwanza tangu shughuli hii ianze, kompyuta ilinipa sentensi iliyokamilika. Nikaifunga.

Mashine ya nukta nayo haikutambuliwa tena. Nilipitia majina yote ya printa kwenye orodha, moja baada ya jingine, nikaharibu karatasi nyingi, mpaka nilipochagua printa ya maandishi matupu, isiyotiwa urembo wowote. Ikapiga. Kumbe kila kitufe cha kibodi kina umbo lake la nukta ndani ya mashine ile, na programu ilikuwa ikinibonyezea tu. Sasa nabonyeza mwenyewe. Sehemu, mabano, vipeo, vyote kwa mkono. Inakwenda polepole na mgongo unalalamika, lakini inakwenda. Katika ukurasa wa kumi Pembetatu alisimamisha kidole akasema, "Bibi, hapa umejumlisha badala ya kutoa." Alisema kweli. Nikautoa ukurasa upya.

Kwa hiyo likizo yako ya Aprili usiifute. Sahau programu iliyokufa. Ulizia huko kama kuna nyingine isiyo na kibali cha kwisha, na kabla ya kuja jifunze alama za nukta nundu, zote. Nitakupima mlangoni.

Jana mwalimu mkuu alikuja na orodha yake. Majina ya hisabati alikuwa ameyawekea alama ya penseli, tayari kuyafuta. Nikamwekea sura ya kwanza mezani.

"Sura moja si kitabu, mwalimu," akasema.

"Sura ya pili nitaileta wiki ijayo, na kila wiki sura. Darasa lako halitanifikia."

"Na ukiugua?"

"Nitaugua wakati wa likizo."

Kisha akaomba kifutio changu, akafuta zile alama za penseli pembeni ya majina, jina moja moja, akapuliza vumbi la kifutio nje ya karatasi. Aliponyanyuka alitaka kuitia sura ya kwanza ndani ya mkoba pamoja na vitabu vyake. Nikamzuia. Nikamwambia asizikunje kurasa zile wala asiziwekee kitu juu, kwa sababu nundu zikilala hazisomeki.

Akauning'iniza mkoba begani, orodha akaibana kwapani, sura ya kwanza akaibeba juu ya viganja viwili vilivyofunguliwa. Nilimfungulia mlango, na alishuka ngazi akitafuta kila kidato kwa unyayo.

Shangazi yako