Udongo wa Miguuni kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 1 Aprili 2019
Baba mkwe kaniambia leo, huku anakula, bila hata kunitazama: karanga zikigeuka njano tena mwaka huu, shamba anamkodisha Bwana Diao apande miti ya mbao. Mimi niende Qingdao kwa mume wangu, nikafunge maboksi kiwandani. Mwaka wa tatu sasa. Tunapulizia dawa ya maji yenye madini ya chuma, siku tatu majani ni kijani, halafu yale yale. Sitaki maboksi. Mimi nimezoea jembe.

Jumatano, 3 Aprili
Mwalimu Qu wa kilimo kapita. Nimemwonyesha picha ya mwaka jana kwenye simu: shamba lote njano, ila karanga zinazopakana na kaburi la mama mkwe, pale katikati, kijani kabisa. Mimi nilidhani ni baraka zake tu. Kacheka. Pale trekta halipiti, kasema, kwa hiyo kuvu zimebaki, nyuzi nyembamba kuliko unywele, zimeshikana na mizizi. Chuma kimo tele kwenye udongo wetu, chokaa ndiyo imekibana. Kuvu zinakifungua na kuipelekea mizizi, na mmea unazilipa sukari. Nichote udongo wa pale, konzi moja kila shimo la mbegu.
Udongo wa kaburini! Huku kwetu watu huongeza udongo kaburini, hawachoti.

Alhamisi, 4 Aprili
Nimemweleza baba. Kaweka bakuli chini. "Mama Shuo, umekosa cha kuiba mpaka umwibie marehemu?" Hajala. Nimejuta kufungua mdomo.

Ijumaa, 5 Aprili
Qingming, sikukuu ya kuzuru makaburi. Tumempelekea mama pombe na karanga za kuchemsha. Baba kamwaga udongo mpya juu ya kaburi, ndoo nne, kisha kachuchumaa na kuanza kuongea naye kama wako jikoni. Mkweo anaomba udongo wa miguuni kwako, kasema. Ulimpendelea tangu anaolewa, kwa hiyo usinilaumu mimi. Tumekuletea nne, tunaondoka na nne.
Akanipa ndoo tupu. Nimelia — miaka kumi na tisa nilidhani hanipendi. Asante, baba. Asante, mama.

Jumatano, 1 Mei
Nimepanda. Udongo umetosha mistari minane tu kati ya sitini na miwili. Baba kashika ndoo mwenyewe, anagawa konzi kama dawa.

Jumapili, 23 Juni
Mvua siku nne, kisha jua. Njano imerudi, kwetu na kwa majirani. Lakini ile minane — kijani, majani mapana! Nimeipitia mara tatu, nikawa nashukuru kwa sauti peke yangu shambani.
Mchana Bwana Diao kaja na futi yake ya kupimia. Minane tu, mzee, kasema, hamsini na minne ni njano, na tulikubaliana. Baba hakuinuka kwenye kigoda. "Nilikubaliana na wewe mimi. Sasa ongea na mwenye shamba." Akaninyooshea kidole. Mimi!
Bwana Diao yuko uani, mkataba uko juu ya goti. Nimemwambia naingia kuchukua miwani. Jibu langu ni hapana, ila naliandika hapa kwanza kabla ya kulisema. Baba kaja dirishani, kasema nisiharakishe, anamwongezea mgeni maji ya chai.