Mjane wa Petro na migomba yake

Nyakahura, Jumanne, Juni 1979

Hata aibu hana. Leo tumeanua matanga ya Petro, mwanangu aliyefia vitani Uganda, na mdogo wake Yohana akasimama mbele ya watu kudai arithi mjane na migomba.

"Ndiyo mila, mama."

"Shemeji yako ni mbuzi? Umemwuliza?"

Veronika, mjane mwenyewe, akatikisa kichwa. Nikachukua jembe, nikaingia naye shambani kwake, tukalima watu wote wakiona. Majirani wakatufuata na majembe yao, hata wale waoga.

Yohana akaondoka bila kuniaga. Sijui kalala wapi.

Petro sikumzika, mwili haukuletwa. Kila usiku nasikia nyayo zake uani. Leo nasikiliza za wawili.